Waya Kupitia Tuta la Vitunguu

Kwa wiki tatu Baba Pacha alisema kesho. Alisema kesho akivua viatu mlangoni, akasema kesho kijiko kikiwa mdomoni, na siku moja alisema kesho usingizini, mkewe akamsikia na kumpiga kiwiko cha mbavu. Si kwamba hakutaka. Alikuwa fundi wa mtandao, mwaka wa kumi na tisa huo, anapanda nguzo na kutambaa juu ya dari za watu, na ikifika jioni alichobaki nacho ni magoti mawili mabovu na hamu ya kutoulizwa kitu chochote na mtu yeyote.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya bustani ya mkewe, kulikuwa na karakana ya baba mkwe. Waifai ya nyumbani ilikuwa inafika kwenye kamba ya kuanikia nguo, basi, inachokea hapo. Mzee alitaka ifike karakana.

Na mzee alikuwa na sababu. Alikuwa seremala tangu ana meno ya utotoni, lakini miaka miwili iliyopita alifunga kazi ghafla, akasema ni mgongo, akahamia kwa binti yake. Tangu hapo hakuwa na la kufanya. Alikuwa akiamka alfajiri, akivaa koti lake la kazi la buluu, akienda karakana kufagia sakafu ambayo haikuwa na taka. Halafu mkuu wa chuo cha ufundi akampigia simu. Huyu alikuwa mama mmoja wa maneno machache ambaye meza yake ya ofisini ilitengenezwa na mzee huyo huyo. Chuo kilikuwa na wanafunzi kumi na wawili wa useremala na hakikuwa na mtu wa kuwafundisha viungo vya mkono, vile visivyotumia msumari wala skrubu. Je, mzee angeweza kuwafundisha kwa video, akiwa kwake, kila Jumamosi? Somo la kwanza lingekuwa la majaribio. Likienda vizuri, mwaka mzima ni wake. Likiharibika, chuo kitawawekea wanafunzi filamu zilizokwisha kurekodiwa na mambo yaishe.

Mzee alikubali kabla mama wa watu hajamaliza sentensi. Na somo halikuweza kufanyika sebuleni, kwa sababu benchi lake la kazi ni la mbao ngumu, wanaume wanne hawalibebi, na jiliwa ya kubania mbao imefungwa humo kwa boliti. Kazi iko kule, mzee yuko kule, mtandao ndio hauko kule.

"Mkwe, usisahau lile jambo," alikuwa akisema kila jioni, kwa upole, bila kumwangalia.

"Kesho, baba."

Ijumaa Baba Pacha alirudi jua likiwa bado juu ya mapaa. Siku hiyo alikuwa ametwishwa jengo zima la ghorofa tano ambalo lifti yake ilikuwa imekufa. Alimkuta mkewe amesimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Leo ndiyo ile kesho," mkewe akasema.

"Mama Pacha, acha nikae kidogo."

"Ukikaa huinuki. Nakujua. Somo la baba ni kesho saa nne asubuhi, kesho ya watu, siyo kesho yako."

Akamvua begi la mgongoni, akampa kiboksi cheupe cha kuongeza nguvu ya waifai ambacho Baba Pacha mwenyewe alikuwa amekileta wiki tatu zilizopita na hakikuwa kimetoka kwenye karatasi yake. Pacha wao wenyewe, wasichana wawili, walikuwa chuoni mbali. Walichoacha nyumbani ni hilo jina la wazazi wao na kompyuta moja kuukuu, nene kama tofali.

Alifanya kama anavyofanya kwa wateja. Alikichomeka kiboksi jikoni, dirishani, mahali pa katikati ambapo mawimbi bado yana nguvu, akakielekeza bustanini. Kisha akavuka bustani na simu mkononi. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, mzee anasukuma maranda nje kwa ufagio. Baba Pacha alitazama kile kizingiti, akakiona kimekaa vizuri sana, akakaa. Miguu nje, mgongo kwenye fremu ya mlango. Akaangalia simu. Mawimbi yamejaa. Akampigia mkewe kwa video.

"Unaniona?"

"Nakuona. Na kisigino chako nakiona kwenye tuta langu la vitunguu. Kitoe."

"Imekwisha," Baba Pacha akasema, akakata.

"Kazi ya dakika ishirini," sauti ya mkewe ikatoka jikoni bila simu. "Wiki tatu!"

Mzee alikuwa amesimamia ufagio. "Umeingia ndani kupima?"

"Baba, hii ni kazi yangu. Mwaka wa kumi na tisa."

"Nimeuliza tu, mkwe."

Baba Pacha akainuka kwa hatua tatu, kama anayekunjua ngazi mbovu, akaenda kulala. Hata drili yake hakuichomeka ijae chaji kama ilivyo desturi yake kila Ijumaa. Alisema moyoni kwamba Jumamosi hii angelala mpaka jua limpige usoni, na atakayemwamsha awe amekuja na habari za moto.

Jumamosi saa tatu na dakika kumi mkewe akamtikisa bega.

"Kuna moto?" akauliza bila kufungua macho.

"Baba anasema imekufa."

"Nini imekufa?"

"Waifai yako. Inuka."

Alitoka na fulana na kandambili. Umande ulikuwa bado kwenye majani ya vitunguu, ukamlowesha vidole. Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa. Alipousukuma alimkuta mzee amesimama mbele ya benchi kama bwana harusi: shati limepigwa pasi, kifungo cha shingoni kimefungwa, koti la buluu juu, mikono mfukoni. Ile kompyuta ya pacha ilikuwa imewekwa juu ya rundo la mbao ili jicho lake litazame benchi. Wakati ule ule ikalia, ting, ujumbe wa mkuu wa chuo ukaingia: wanafunzi wameanza kukaa.

"Mbona inafanya kazi?" akauliza Baba Pacha.

Mzee alinyoosha mguu akausukuma mlango, ukajifunga. Kwenye kompyuta alama ya mtandao ikazimika. Akaufungua kwa ncha ya kiatu, ikawaka. Akaufunga, ikazimika.

"Nimefanya hivyo tangu saa moja," akasema mzee.

Baba Pacha akatazama ukuta, na hapo moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili. Karakana ile aliijenga yeye mwenyewe miaka mitano iliyopita, iwe stoo. Kulikuwa na ghala moja la kuhifadhia nyama lililokuwa linavunjwa, akapewa masalio: mabati na zile karatasi za kung'aa za kuzuia joto. Naye hakuacha kitu. Alipiga bati nje, akapiga karatasi ya kung'aa katikati, akapiga bati lingine ndani, na darini akarudia. Dirisha hakuweka, aliogopa wezi. Alipomaliza aligonga ukuta kwa ngumi na kuwaambia watu wote kwamba humo hata jua lipige hodi haliingii.

Na kumbe ni yeye yule yule ambaye kila wiki, akifika kwa mteja na kukuta chumba cha namna hiyo, husimama katikati, hujishika kiuno na kuuliza, "Aliyejenga hapa alikuwa anaficha nini?" Nyumbani akisimulia wote hucheka.

"Aliyejenga hapa," akasema mzee polepole, "alikuwa anaficha nini?"

"Baba, samahani."

"Sijasema neno. Nauliza kama wewe unavyouliza."

"Dawa yake rahisi," akasema Baba Pacha, akitafuta kwa macho mahali pa kukaa. "Tunaacha mlango wazi. Somo si la saa mbili tu? Tunaweka jiwe hapa, mlango unabaki wazi, kwisha."

"Hapana."

"Hapana vipi?"

"Sifanyi kazi mlango ukiwa wazi."

"Kuna upepo?"

"Hakuna upepo."

"Sasa?"

"Kuna yule." Mzee akaelekeza kidevu. Juu ya ukuta wa bustani, kwenye baraza ya ghorofa ya jirani, alikuwa amekaa dereva mstaafu na kikombe chake. Kutoka pale aliona mlango wa karakana kama anaangalia televisheni. Alimpungia Baba Pacha mkono.

"Akuangalie basi! Kwani unaiba?"

"Nimesema, mkwe. Mlango wazi, hakuna somo."

Baba Pacha alisikia uchovu wa wiki nzima ukimpanda mpaka kooni, na nusura aseme neno ambalo mtu hamwambii baba wa mkewe. Lilifika kwenye meno. Alilimeza, akainama kutazama chini ya benchi, angalau aone kama kuna namna ya kupitisha waya, kuliko kumtazama mzee usoni.

Chini ya benchi kulikuwa na gunia. Alilivuta kando, likamwagika.

Vilikuwa vipande vya mbao. Vingi, thelathini, arobaini pengine, vyote vimekatwa kiungo kimoja, kile cha ulimi kuingia kwenye tundu. Na vyote vilikuwa vimeharibika. Mstari wa msumeno ulianza sawa, kisha ukayumba, ukaenda kushoto, ukarudi. Ndimi nyingine zilikuwa nyembamba huku na nene kule. Patasi ilikuwa imeruka na kuchana mbao. Mtoto wa kwanza kushika msumeno angefanya hivyo. Siyo mtu huyu, ambaye milango yake inafungwa kwa kidole kimoja.

Baba Pacha akainua macho. Mikono ya mzee ilikuwa bado mfukoni, na nguo ya mfuko ilikuwa inacheza kidogo, kama kuna ndege humo.

Hapo vitu vikajipanga vyenyewe kichwani mwake. Mzee siku zote husema nitilieni chai nusu kikombe. Mzee hali mezani na wageni. Mzee hafungui kufuli mtu akiwa karibu. Mgongo! Mgongo gani huo ambao mtu huinama nao kufagia kila siku? Miaka miwili wanakaa nyumba moja na yeye, fundi wa kutafuta hitilafu, hakuwa ameona. Alikuwa akirudi jioni na kutazama sahani yake.

Akavirudisha vipande kwenye gunia, kimoja kimoja, akalisukuma mahali pake.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa tatu na ishirini."

"Dakika arobaini. Nitakuvutia waya, baba. Mlango utafunga."

Mzee akakohoa. "Haya," akasema.

Jikoni mkewe alikuwa anakata mkate. Baba Pacha akamwaga begi lake sakafuni. Humo hakukosa vipande vya waya wa mtandao vinavyobaki kwenye kazi za watu, ambavyo hakuwa na moyo wa kuvitupa. Akavipima kwa mikono yake iliyonyooshwa: kimoja mita kumi na tatu, kingine kumi, kingine saba. Jumla thelathini. Kutoka kwenye ruta sebuleni, kupitia jikoni, mpaka karakana, kwa mstari ulionyooka, ni mita ishirini na nane.

"Pitisha kandokando ya ukuta," akasema mkewe, ambaye alikuwa ameshaelewa na kushika kisu kwa namna isiyopendeza.

"Kandokando ni mita arobaini na ushee. Ninazo thelathini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo katikati."

"Katikati kuna vitunguu vyangu."

"Najua."

"Vimebakiza wiki mbili. Mbili! Baba Pacha, nimevimwagilia kwa ndoo tangu—"

"Mama Pacha," akasema, na kwa sababu alisema taratibu bila kupandisha sauti, mkewe akanyamaza. "Mikono ya baba inatetemeka. Anafunga mlango ili tusimwone."

Mkewe aliweka kisu. Akatazama nje ya dirisha muda ambao Baba Pacha hakuwa nao wa kupoteza, midomo imebanwa. Halafu akapita mbele yake, akachukua jembe nyuma ya mlango.

"Ondoka," akasema. "Wewe utavivunja. Viatu umevaa?"

Hakuwa amevaa. Mkewe akaling'oa tuta lake mwenyewe, mstari mmoja kutoka juu mpaka chini, akivilaza vitunguu pembeni kwa upole kama anayelaza watoto wachanga, kisha akachimba mtaro wa kina cha kiganja. Kutoka barazani dereva mstaafu akauliza kwa sauti, "Jamani, kuna bomba limepasuka?"

"Kuna watu wana kazi!" Mama Pacha akamjibu bila kuinua kichwa. "Kunywa chai yako!"

Baba Pacha alikuwa amepiga magoti jikoni anaunga waya. Kwa vijana wapya kazini alikuwa na amri moja tu ambayo hata mkurugenzi haigusi: waya unaozikwa hauungwi. Ukiwa mfupi, rudi ukalete mrefu. Alishawahi kumfukuza kijana kwenye ngazi kwa kosa hilo. Sasa alikuwa anaunga mara mbili, kwa viungio vya plastiki, akivifunga kwa mfuko wa mkate na utepe wa gundi, na jasho linamdondokea kwenye vidole. Alishukuru kwamba hakuna kijana anayemwona.

Saa tatu na dakika arobaini na tatu waya ulikuwa umelala mtaroni mpaka kwenye ukuta wa karakana. Akachukua drili. Akabonyeza. Ikalia kama mbu, ikazunguka nusu, ikanyamaza.

Alikaa chini kwenye udongo. Aliiangalia ile drili na akaona Ijumaa yake yote imo humo: kizingiti, miguu nje, imekwisha.

"Imezimika?" mzee akauliza kutoka ndani.

"Sikuichaji."

Kikasikika kishindo cha droo, na mzee akatoka na keekee yake ya mkono, ile ya kuzungusha, chuma chake kimekuwa cheusi kwa miaka, na msumari mnene na nyundo.

"Kwanza unatia alama kwa msumari, chombo kisiteleze kwenye bati," akasema. "Halafu unazungusha. Haraka ya nini, haitaki chaji hii."

Akampa Baba Pacha vyote vitatu, akarudisha mikono mfukoni. Baba Pacha akatia alama. Lakini keekee inataka mambo mawili kwa wakati mmoja, mtu wa kuisukuma na mtu wa kuizungusha, na yeye mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kuunga waya. Mzee akasimama kidogo. Akatazama baraza ya jirani. Kisha akatoa mikono mfukoni, mchana kweupe, ikitetemeka kama ya mtu aliyetoka kwenye maji baridi, akaikamata keekee, akaweka kitako chake kifuani na kuegemea kwa uzito wake wote. Ilipobanwa kati ya kifua na ukuta, ilitulia.

"Zungusha," akasema.

Baba Pacha akazungusha. Bati la kwanza lililia, likatoboka. Karatasi ya kung'aa ilijisokota kwenye chuma, wakaivuta. Bati la pili lilikuwa gumu zaidi.

"Ulipiga bati zuri," mzee akasema, anahema. "Baya ni mahali ulipolipiga."

"Baba, nicheke au nizungushe?"

"Zungusha."

Likatoboka. Waya ukapita. Baba Pacha akakimbia na kandambili zake kwenda jikoni kung'oa kile kiboksi, akakileta ndani ya karakana, akauchomeka waya humo. Taa nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Mzee alikuwa ameinama juu ya kile kiungo kimoja kilichobaki nje karibu na ukuta, kile cha mfuko wa mkate.

"Hiki ndicho unachokiita kiungo?"

"Usikiguse, baba, nakuomba."

Taa ikawa ya kijani. Baba Pacha akaufunga mlango kwa mgongo wake. Kwenye kompyuta alama ya mtandao ilibaki imewaka, imejaa. Bati lile lile lililokuwa likifukuza mawimbi sasa lilikuwa linayafungia ndani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili.

"Toka sasa," akasema mzee, mikono imerudi mfukoni. "Asante, mkwe. Toka, ufunge."

Alitoka, akafunga, akakaa kwenye kizingiti kile kile, mgongo kwenye mlango. Mkewe akaja akakaa kando yake, udongo mpaka kwenye viwiko. Humo ndani walisikia sauti ya mkuu wa chuo, kisha za vijana, salamu kumi na mbili zinazogongana.

Mzee alianza vizuri. Alizungumza juu ya mbao, jinsi ya kusoma mistari yake, upande wa kukata na upande wa kuacha. Wakamsikia akionyesha kiungo kilichokamilika. Baba Pacha alijua hicho kimetoka wapi. Ni kimoja kati ya arobaini, kile ambacho bahati ilikubali. Akaonyesha kingine, cha zamani, cha mlango wa kabati. Akarudia maelezo. Akaanza kuyarudia mara ya tatu.

"Mzee, samahani," ikasema sauti ya msichana kwenye kompyuta. "Tunaomba utukatie kimoja tuone."

Mama Pacha alimshika mumewe goti, lile baya zaidi, akalibana.

Kisha wakasikia ubao ukiwekwa kwenye jiliwa, jiliwa ikikazwa. Penseli ikagonga guni la kupimia pembe. Msumeno ukaanza, ukasita, ukaanza, ukakwaruza. Ulikwenda muda mrefu, polepole, na kila ulipokwama Baba Pacha alijikuta amebana pumzi. Mwisho kipande kikaanguka benchini.

"Mzee," akasema msichana yule yule, kwa adabu kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, "mbona mstari umepinda?"

Hakuna aliyecheka upande wa pili. Baba Pacha alikuwa tayari ameweka kiganja chini ainuke, aingie, aseme mtandao una hitilafu, achomoe waya, liwalo na liwe. Angesema uongo huo kwa moyo mkunjufu.

"Umepinda kwa sababu mkono wangu unatetemeka," akasema mzee. "Angalieni. Huu hapa. Na huu. Mmeona? Miaka miwili sasa. Wewe binti, wako unatetemeka?"

"Hapana, mzee."

"Nyoosha niuone. Wote nyoosheni. Karibuni na kamera." Kukawa na vurugu ya viti. "Haya. Mikono ishirini na minne, hakuna unaotetemeka. Basi wa kwangu ukipinda una sababu. Wenu ukipinda mtaniambia nini? Shika msumeno, binti. Siyo hivyo! Huo si mwiko wa kusongea. Kidole cha shahada kielekee mbele. Sasa weka alama, nione."

Kuanzia hapo hakunyamaza. Alimkemea huyu, akamcheka yule, akamwambia mmoja kwamba amekata ulimi wa ng'ombe badala ya ulimi wa kiungo. Mkuu wa chuo alisikika akicheka, yeye wa maneno machache. Mama Pacha alijifuta macho kwa kiwiko, akapaka udongo shavuni, akabaki hivyo.

Baba Pacha alikuwa ameanza kusinzia mlango ulipovutwa kidogo nyuma ya mgongo wake.

"Mkwe, sogea."

Akasogea. Mlango ukafunguliwa mpaka mwisho, mzee akatokeza, shati limelowa, kifungo cha shingoni kimefunguliwa. Akausukuma kwa kisigino, akaweka jiwe usijifunge.

"Humu ndani ni tanuri," akasema. "Aliyejenga hapa alitaka kuua mtu." Akarudi benchini.

Barazani dereva mstaafu akasimama wima. "Mzee! Kumbe mwalimu!"

"Nyamaza wewe, nina darasa!" akasema mzee, bila kuficha kitu.

Mama Pacha alitazama mlango uliokuwa wazi. Akatazama mtaro, na vitunguu vyake vimelala pembeni, majani yameshaanza kunywea. Akatazama mlango tena.

"Sasa si mlango uko wazi?" akasema.

"Uko wazi."

"Kama ungekuwa wazi tangu asubuhi—"

"Najua."

Angeweza kumweleza kwamba mvua itanyesha, kwamba siku za baridi mzee ataufunga. Lakini hakuwa na nguvu ya kueleza, na pia hakuamini sana. Alinyoosha miguu yake, kandambili moja imekatika ukanda. Humo ndani msumeno wa mtu fulani, mbali huko, ulikuwa unakwaruza kupitia spika, na mzee anausimamisha kila mara kwa ukali.

"Na huo mtaro," akasema mkewe, "utaufukia lini?"

Baba Pacha akafungua mdomo. Akaliona lile jicho la mkewe. Akaufunga mdomo, akashika fremu ya mlango, akainuka kwa hatua tatu, akaenda kuchukua jembe.